Rangi za Chihuahua: mwongozo kamili wa kuzisoma, kuzitabiri na kuzitunza kwenye jua la Mwanza

Anayekuuzia mtoto wa Chihuahua pale Kirumba au Nyegezi atakutajia rangi kwa neno moja: kahawia, bluu, krimu, madoa. Neno hilo moja halitoshi. "Kahawia" yake inaweza kuwa rangi ya mchanga yenye ncha nyeusi, inaweza kuwa chokoleti halisi, na inaweza kuwa nyekundu iliyopauka. Mbwa hao watatu wana jeni tofauti na watazaa watoto wa rangi tofauti. Na yule wa "bluu" anayeuzwa ghali kuliko ndugu zake anaweza kuanza kupoteza manyoya mgongoni kabla hajatimiza mwaka.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba rangi haithibitishi uzao. Viwango vya FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, vinakubali Chihuahua wa rangi zote na mchanganyiko wowote, isipokuwa mchoro mmoja uitwao merli. Uzito wanaoutaka hauzidi kilo 3. Kwa hiyo maneno "rangi adimu" hayaongezi ubora wa mbwa, na kwa aina mbili za rangi hizo yanapaswa kukutia wasiwasi.

Mbwa ana rangi mbili tu

Mbwa yeyote, awe Chihuahua wa kilo 2 au mbwa anayechunga ng'ombe kule Magu, hutengeneza rangi za aina mbili: nyeusi na nyekundu. Nyeupe ya mabaka si rangi. Ni sehemu ambayo seli za rangi hazikuifikia mbwa alipokuwa tumboni mwa mama yake.

Ile nyeusi hubadilishwa na jeni mbili. Moja huigeuza kuwa chokoleti. Nyingine huififisha ikawa kijivu, na hicho kijivu ndicho wauzaji wanachokiita bluu. Mbwa akirithi zote mbili kwa ukamilifu anakuwa na kijivu chenye uwaridi wa kahawia, kinachoitwa lilaki. Nyekundu nayo huanzia kwenye wekundu mzito kama tofali, ikapita kwenye dhahabu na mchanga, hadi krimu iliyopauka kiasi cha kudhaniwa nyeupe. Jeni ya chokoleti haigusi nyekundu. Ile ya kufifisha huipunguza makali kidogo tu.

Faida ya kulijua hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Pua ya mbwa, kingo za macho yake na midomo yake hupakwa ile rangi nyeusi pekee, hata kama mwili mzima ni krimu. Ndiyo maana mjuzi huanzia puani kabla hajatazama mgongo.

Maandalizi

Fanya kazi hii asubuhi kati ya saa 2 na saa 4, au mchana chini ya kivuli cha mwembe. Taa za njano za ndani hugeuza kijivu kuwa kahawia, na jua la saa 7 huifanya chokoleti ionekane nyekundu. Andaa karatasi nyeupe ya A4, kipande cha mkaa mweusi, majivu kidogo ya mkaa kwenye kifuniko, pamba, maji ya vuguvugu, kitana chenye meno ya karibu na simu iliyozimwa flashi.

Kwanza mfute mbwa kwa pamba yenye maji na mwache akauke. Vumbi la barabara hubadilisha sana mbwa mweupe. Pia usichanganye rangi na madoa: ukahawia chini ya macho ya mbwa mweupe ni alama ya machozi, na ukahawia kati ya vidole ni mate ya kujilamba. Hakuna hata kimoja kinachorithiwa, ila kujilamba nyayo kila siku kwa kawaida ni muwasho unaohitaji daktari wa mifugo. Kama unahofia manyoya yamepakwa piko au hina, yapanue kwa vidole: mbwa aliyepakwa ana shina la rangi nyingine na ngozi yenye doa.

Hatua ya 1: Soma pua

Weka kipande cha mkaa karibu na pua, kisha majivu. Pua inayofanana na mkaa ni ya mbwa wa nyeusi. Inayokaribia majivu, au rangi ya mawe ya Bismarck yakiwa makavu, ni ya bluu. Pua ya kahawia kama punje ya kahawa iliyokaangwa nusu ni chokoleti. Iliyo kati ya kahawia na kijivu, yenye uwaridi, ni lilaki. Thibitisha kwenye kingo za macho na midomo, vyote vikubaliane. Macho ya chokoleti, bluu na lilaki nayo huwa mepesi, ya kaharabu, wakati ya mbwa wa pua nyeusi kwa kawaida ni meusi au kahawia iliyokolea.

Pua ikiwa waridi yenye viraka vyeusi, usihukumu bado. Huenda weupe wa usoni umefika puani, au ni merli. Nenda kwenye kingo za macho.

Watoto wengi huzaliwa na pua ya waridi, nayo hujaa rangi taratibu. Hukumu ya kuaminika ianzie wiki ya 8. Kwa mbwa mzima, pua iliyokuwa nyeusi ikianza kupoteza rangi na ule ukwaruzo wake wa kawaida ukalainika, au ikatoa magamba na vidonda, usiseme amebadilika rangi. Kuna ugonjwa wa kinga ya mwili unaofanya hivyo, na jua huuchochea. Mpeleke kwa daktari.

Hatua ya 2: Tazama nywele kutoka shina hadi ncha

Chukua kitana, panua manyoya katikati ya mgongo, nyuma ya sikio na kwenye shina la mkia. Ng'oa nywele mbili tatu zinazotoka zenyewe kwenye kitana uziweke juu ya karatasi nyeupe. Hapa ndipo "kahawia" ya muuzaji inapogawanyika.

Nywele ya mchanga au nyekundu yenye ncha nyeusi ni ya mbwa wa ncha nyeusi. Watoto wa aina hii huzaliwa weusiweusi kisha weusi hupungua mwezi hadi mwezi, na wenye wao hudhani wameuziwa mbwa mwingine. Nywele ya rangi moja kutoka shina hadi ncha inahitaji swali la pili: sharubu zake zikoje? Mbwa wa mchanga mwenye sharubu nyeusi bado anaweza kutengeneza nywele nyeusi. Mwenye sharubu nyepesi na asiye na nywele nyeusi hata moja mwilini ni nyekundu safi, au krimu safi: jeni yake inazuia weusi kabisa kwenye manyoya, ingawa pua inabaki nyeusi. Tofauti hii ni muhimu kwa mzalishaji, kwa sababu nyekundu safi huficha karibu kila kitu kilicho chini yake: weusi, milia, hata merli.

Hatua ya 3: Tafuta mchoro

Mbwa wa rangi moja huitwa hivyo hata akiwa na nywele chache nyeupe kifuani. Baada ya hapo tafuta michoro hii.

Alama za rangi ya ngozi mbichi, ambazo wafugaji wengi wanaziita tan: mwili mweusi (au chokoleti, au bluu) wenye vidoa viwili juu ya macho, mashavu, alama kifuani, miguu na chini ya mkia. Vidoa vya juu ya macho ndivyo vya kutafuta kwanza. Vikiwepo, vingine utaviona. Ukikuta mbwa mweusi mwenye vidoa hafifu vyenye mistari, ana tan yenye milia.

Milia: mistari myeusi inayoshuka ubavuni juu ya nyekundu au mchanga. Kwa Chihuahua wa manyoya marefu milia hupotea ndani ya nywele, kwa hiyo itafute usoni na kwenye miguu, ambako nywele ni fupi.

Barakoa: weusi unaofunika mdomo, wakati mwingine hadi macho. Kwa mbwa wa chokoleti barakoa ni chokoleti, kwa bluu ni kijivu. Usiichanganye na mvi, ambazo huingia nyeupe kuanzia kidevuni mbwa anapozeeka.

Hatua ya 4: Pima weupe

Andika weupe upo wapi: mstari wa paji la uso, kifua, shingo nzima kama kola, soksi, ncha ya mkia, au mabaka mwili mzima. Kisha tazama ngozi chini ya weupe. Waridi ina maana hakuna kinga ya rangi dhidi ya jua, na utairudia kwenye utunzaji. Ngozi au kingo za macho nyeusi chini ya manyoya meupe zina maana mbwa huyo ni krimu iliyopauka, hana mabaka meupe ya kweli.

Mbwa ambaye kichwa na masikio yake yamejaa weupe anapaswa kupimwa kusikia, kwa kuwa sikio la ndani nalo linahitaji seli za rangi. Subiri afike wiki 5 au 6. Mtenge na ndugu zake, kwa sababu kiziwi huwafuata wenzake na kukudanganya. Simama nyuma yake mahali asipokuona, tikisa funguo mara moja, na usipige makofi karibu naye kiasi cha kumpulizia upepo. Rudia mara 3 kwa kupumzika katikati. Kipimo hiki hakigundui uziwi wa sikio moja.

Hatua ya 5: Chunguza merli kabla ya kutoa fedha

Merli ni mchoro wa mabaka yaliyochanika kingo: vipande vya nyeusi kamili juu ya weusi uliofifia, kana kwamba mtu amemwagia jiki shati jeusi. Kwa chokoleti ni vipande vya chokoleti juu ya beji. Hilo ndilo linaloitofautisha na bluu ya kawaida, ambayo ni kijivu sawasawa mwili mzima. Jicho la bluu, au nusu ya jicho, huongeza shaka. Macho ya watoto wote hufunguka karibu siku ya 10 hadi 14 yakiwa na ubluu. Ukiendelea kubaki baada ya wiki 12, uliza maswali.

Mbwa mwenye nakala moja ya merli mara nyingi huishi vizuri. Balaa ni kumpandisha na merli mwenzake. Kila mtoto wa mchanganyiko huo ana nafasi 1 kati ya 4 ya kupata nakala mbili, na watoto hao mara nyingi huzaliwa weupe karibu mwili mzima, viziwi, wenye macho madogo au yaliyoharibika, wengine vipofu. Ni mateso yanayozuilika kabisa. Na kwa kuwa krimu safi huficha merli, mtu anaweza kupandisha merli wawili bila kujua, mmoja akiwa anaonekana krimu tupu. Ukiwa na merli, usimpandishe na mbwa wa krimu ambaye wazazi wake hujawaona.

Njia ya uhakika ni kipimo cha DNA kwa kijiti cha pamba kinachosuguliwa ndani ya shavu, kisha sampuli hutumwa kwa posta kwenye maabara za nje zinazopima mbwa. Mtenge mtoto na mama yake kwa saa 1 au 2 kabla, maziwa na seli za mama visiingie kwenye pamba. Acha kijiti kikauke hewani kabla ya kukifunga. Kikifungwa kibichi kinaota ukungu safarini.

Hatua ya 6: Urefu wa manyoya

Chihuahua ana aina mbili tu, fupi na ndefu. Marefu yanajitokeza masikioni, shingoni, nyuma ya miguu na mkiani kama shungi. Mtoto wa wiki 8 anaweza kukudanganya. Mwangalie kingo za masikio kama zimeanza kuota nyuzi. Manyoya marefu hukamilika polepole, wakati mwingine hadi miaka 2.

Hatua ya 7: Andika kwenye kadi ya chanjo

Mpangilio unaofaa ni huu: urefu wa manyoya, rangi ya msingi, mchoro, weupe na ulipo, rangi ya pua, rangi ya macho. Mfano: "Manyoya mafupi, mchanga wenye ncha nyeusi, barakoa nyeusi, kifua cheupe, soksi miguu ya mbele, pua nyeusi, macho kahawia." Mwingine: "Manyoya marefu, chokoleti na tan, bila weupe, pua kahawia, macho kaharabu." Kadi inayosema "kahawia" tu haitakusaidia mbwa akiibiwa au ukimsafirisha. Piga picha nne, za uso, kila ubavu na tumbo, na uzirudie akifika miezi 6 na mwaka 1.

Kutabiri rangi za watoto

Kila mtoto hupokea nakala moja ya kila jeni kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Chokoleti, kufifisha, nyekundu safi na manyoya marefu hujitokeza pale tu mtoto anapopata nakala mbili. Mzazi mwenye nakala moja anaonekana wa kawaida huku ameibeba.

Kwa hiyo wazazi wawili wa mchanga, pua nyeusi na manyoya mafupi, wanaweza kabisa kuzaa mtoto wa pua ya bluu mwenye manyoya marefu. Usimshtaki jike. Kama wote wameibeba jeni ya kufifisha, kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 4 ya kupata pua hiyo. Nafasi hiyo ni ya kila mtoto peke yake, hivyo kwenye uzao wa watoto 3, ambao ni wa kawaida kwa Chihuahua, unaweza usipate hata mmoja au ukapata wawili.

Upande wa pili ndio wenye nguvu ya ushahidi. Wazazi wawili wa pua ya chokoleti hawazai pua nyeusi. Wawili wa bluu hawazai mweusi. Wawili wa krimu safi huzaa nyekundu au krimu safi tupu, na wawili wa manyoya marefu karibu kila mara huzaa manyoya marefu. Wawili weusi wenye tan hawazai mtoto wa ncha nyeusi. Mtoto mweusi kabisa au mwenye milia karibu kila mara ana mzazi wa namna hiyo, au mzazi wa krimu safi aliyeificha. Ukiona kinyume, kuna dume jingine lililopita. Jike mmoja anaweza kubeba watoto wa madume wawili katika uzao mmoja, na kwenye mitaa ambayo mbwa huzurura usiku hilo hutokea kirahisi. Akiwa kwenye joto mfungie ndani kwa wiki 3 zote, si siku mbili tatu za damu nyingi pekee.

Ngozi ya waridi na jua la ziwani

Mwanza ipo nyuzi 2.5 hivi kusini mwa Ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na ziwa hurudisha mwanga juu. Chihuahua mwenye pua, kingo za masikio au tumbo la waridi huungua. Dalili ni wekundu, kisha magamba masikioni, kisha vidonda visivyopona. Kuungua kwa miaka kunaweza kuleta saratani ya ngozi. Mtembeze kabla ya saa 4 asubuhi na baada ya saa 10 jioni. Mbwa anayependa kulala chali kwenye sakafu ya baraza huungua tumbo, kwa hiyo kivuli kifike sakafuni, kisiishie juu ya paa tu.

Mafuta ya jua ya watu yana hatari. Baadhi yana zinki, na mbwa hulamba. Zinki ikiingia mwilini kwa wingi huharibu chembe nyekundu za damu, na kwa mnyama wa kilo 2 wingi huo unafikiwa upesi. Tumia yaliyotengenezwa kwa mbwa pekee. Na usimwogeshe ziwani: utamrudisha na mchanga kwenye manyoya, na wewe mwenyewe ukiingia majini unajiweka kwenye kichocho.

Bluu inapoanza kunyonyoka

Baadhi ya mbwa wa bluu na lilaki, si wote, hupata ugonjwa wa kunyonyoka unaotokana na punje za rangi kulundikana vibaya ndani ya nywele. Nywele hudhoofika na kukatika. Huanza kati ya miezi 6 na miaka 3, mara nyingi mgongoni. Kitambulisho kizuri ni hiki: kwa mbwa wa bluu na tan, sehemu za bluu hupungua nywele wakati tan inabaki imejaa. Viroboto, ukurutu wa wadudu na fangasi havichagui rangi hivyo.

Hakuna dawa ya kuzirudisha. Mwogeshe kwa shampuu laini ya mbwa, si sabuni ya kipande ya kufulia, na usimsugue kwa brashi ngumu. Vipele vyenye usaha vinaonyesha bakteria wameingia. Hapo daktari atampa dawa. Mkinge na jua kama mbwa wa ngozi ya waridi. Na usimzalishe.

Kosa linalofanyika zaidi ni kudhani ni wadudu na kumtumbukiza mbwa kwenye dawa ya josho la ng'ombe. Usukumani dawa hiyo haikosekani nyumbani kwa mfugaji. Baadhi ya dawa hizo zina amitrazi, sumu ya kuua kupe, na Chihuahua huathirika nayo kirahisi kuliko mbwa wengine: hulegea, husinzia, mapigo ya moyo hupungua, joto la mwili hushuka. Ikishatokea, muoshe mara moja kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, mkaushe, mfunike apate joto, na mkimbize kwa daktari ukiwa na kopo la dawa mkononi ili aone kilichomo. Kabla ya dawa yoyote ya ngozi, omba achukue ukwangule wa ngozi na autazame kwa darubini. Ni kipimo cha dakika chache, na kinaweza kukuonyesha kama ni wadudu.